Sauti ya Bi Chloe: Ushairi, Kura na Ardhi katika Ujenzi Mpya wa Marekani

Mwezi wa Oktoba 1865, Jenerali Oliver Otis Howard alivuka maji kwenda kisiwa cha Edisto, katika mwambao wa South Carolina, akiwa na ujumbe ambao mwenyewe hakuupenda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimemalizika miezi michache tu iliyopita. Watu waliojaa kanisani kumsikiliza walikuwa watumwa hadi jana. Sasa walikuwa huru, na tena walikuwa wakilima ardhi waliyogawiwa na jeshi. Jenerali alikuwa ametumwa na Rais Andrew Johnson kuwaambia kwamba ardhi hiyo itarejeshwa kwa mabwana wao wa zamani. Howard alisimulia baadaye kuwa manung'uniko yalizidi, naye maneno yakampotea, hata mwanamke mmoja alipoanza kuimba wimbo wa huzuni na umati mzima ukamwitikia. Baada ya wimbo ndipo mazungumzo yalipowezekana.

Watu wa Edisto hawakuishia kwenye wimbo. Waliteua kamati ya watu watatu, na kamati ikamwandikia Howard barua, kisha ikamwandikia Rais. Hoja ya barua ile kwa Howard ni nzito, na imepangwa kama ipangwavyo hoja na mtu aliyezoea kupima maneno. Mnatutaka tuwasamehe mabwana wetu, wanasema. Lakini yule aliyemfunga mtu mtini akampiga viboko, aliyempiga mama yake na dada yake, na ambaye leo anakula njama na wenzake ili mtu huyo asipate kipande cha ardhi isipokuwa kwa masharti yake, huyo atasamehewaje? Bila ya ardhi, wanaendelea, uhuru wetu utakuwa chini ya amri ya wale wale tuliotoka mikononi mwao.

Wimbo na barua hiyo ni mlango mzuri wa kuingilia katika fasihi ya kipindi ambacho Wamarekani wenyewe hukiita Ujenzi Mpya, kuanzia mwaka 1865 hadi 1877. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu sheria, chaguzi na majeshi ya kipindi hicho. Ushairi wake haukusomwa sana, na kwa miaka mingi wahakiki wa Marekani waliusukuma kando kwa hoja moja: kwamba ni tungo za siasa, na siasa huua ushairi. Hoja hii si ngeni katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako malenga wamekuwa wakijibizana kuhusu utawala tangu enzi za Muyaka bin Haji. Kwa hiyo wasomaji wa huku wana haki na ujuzi wa kuipima hoja hiyo. Na kipimo kizuri ni mkusanyo mdogo wa Frances Ellen Watkins Harper uitwao Sketches of Southern Life, yaani Michoro ya Maisha ya Kusini, uliotoka mwaka 1872.

Kabla ya kuingia ndani ya tungo, ni vyema kukumbuka kwamba habari za nchi hiyo hazikuwa mbali na Unguja kama ramani inavyoonyesha. Tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, majahazi ya Salem yalileta kitambaa ambacho bara na pwani yote walikiita merikani, wakaondoka na pembe na sandarusi. Pamba ya kitambaa kile ililimwa na watumwa wa Kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, na ikafika Forodhani kabla ya kubebwa vichwani na wapagazi hadi Tabora na Ujiji. Vita vilipozuka mwaka 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikapata nafasi. Aliyepanda pamba na aliyevaa nguo yake hawakujuana, lakini uzi ulikuwa mmoja.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na watu wapatao milioni 4 wakatoka utumwani. Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliharamisha utumwa nchi nzima mwezi Desemba mwaka huo. Lakini swali la mtu huru ni nani lilikuwa halijajibiwa. Mississippi na South Carolina ziliwahi kulijibu kwa sheria zilizojulikana kama Kanuni za Weusi: mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi aliweza kushitakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akapelekwa kumfanyia kazi aliyemlipia. Bunge la Marekani likakasirika. Mwaka 1867 likaiweka Kusini chini ya majeshi na kutaka katiba mpya zitungwe. Mwaka 1868 Marekebisho ya 14 yakatoa uraia. Mwaka 1870 Marekebisho ya 15 yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake au utumwa wake wa zamani. Kura hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Jambo hili la mwisho lazima likumbukwe, kwa sababu juu yake limesimama shairi bora katika mkusanyo wa Harper.

Harper alizaliwa Baltimore mwaka 1825 katika jamaa ya watu weusi huru. Alichapisha mashairi tangu ujanani, akawa mhutubiaji wa harakati za kukomesha utumwa, na baada ya vita, kuanzia mwaka 1867, alisafiri miaka kadhaa katika majimbo ya Kusini akihutubia watu waliotoka utumwani na kulala katika vibanda vyao. Tungo za 1872 ni matunda ya safari hizo. Sita kati yake zinasimuliwa na mwanamke mzee mmoja, ambaye kwa Kiingereza anaitwa Aunt Chloe.

Jina hilo linahitaji maelezo. Katika Kusini ya zama zile, mtu mweupe hakumpa mwanamke mweusi mtu mzima jina la heshima alilompa mwanamke mweupe. Alimwita shangazi, na mzee mwanamume akamwita mjomba. Lilikuwa jina la ujamaa lililofunika dharau. Harper amelichukua jina hilo na kulirudisha kwa wenyewe. Ndani ya tungo hizi wanaoitana shangazi na mjomba ni wale wale waliodharauliwa, na wanapoitana hivyo wanamaanisha udugu. Kwa Kiswahili cha pwani hadhi hiyo huchukuliwa vizuri zaidi na neno Bi kuliko tafsiri ya neno kwa neno. Kwa hiyo hapa ataitwa Bi Chloe.

Kwa upande wa fani, tungo ni nyepesi kwa makusudi. Kila ubeti una mishororo minne mifupi, na aghalabu wa pili na wa nne ndiyo inayofungwa kwa kina. Kiingereza huhesabu mapigo ya mkazo pale ambapo Kiswahili huhesabu mizani, lakini sikio lililolelewa kwa utenzi halitapata shida: ni mwendo mfupi wa kusimulia, unaomruhusu msimulizi kwenda mbali bila kuchoka, na kumrahisishia msikilizaji kuhifadhi. Hilo lilikuwa jambo la lazima. Watu wengi aliowaandikia Harper hawakujua kusoma, kwani majimbo kadhaa ya Kusini yaliharamisha kumfundisha mtumwa kusoma. Shairi lilipaswa kuweza kuishi mdomoni.

La kuzingatiwa zaidi ni lugha. Bi Chloe anazungumza Kiingereza cha kawaida, chenye ladha ya mazungumzo ya kijijini, lakini hakijavunjwavunjwa ili kuchekesha. Leo jambo hili linaweza kupita bila kuonekana. Wakati ule lilikuwa msimamo. Waandishi weupe walikuwa na mazoea ya kuandika maneno ya mtu mweusi kwa tahajia iliyopinda, ili msomaji acheke kabla ya kusikia kilichosemwa. Harper amemwachia Bi Chloe kejeli zake, hasira zake na utani wake, lakini hakumruhusu msomaji amcheke kwa matamshi yake. Kwa mwambao ambako Mwana Kupona aliusia kwa utenzi mwaka 1858, sauti ya mwanamke mtu mzima anayesimulia na kuonya kwa beti fupi si jambo la kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alimwusia binti yake, ilhali Bi Chloe anauhutubia umma.

Shairi la kwanza linaanza na deni. Bwana amefariki akiacha madeni, na wana wawili wa Bi Chloe wanauzwa ili wadai walipwe. Mhakiki anayejua maisha ya Harper hawezi kulipita jambo hili. Mumewe, Fenton Harper, alifariki mwaka 1864 naye akiwa na madeni, na katika hotuba yake ya mwaka 1866 mjini New York, mbele ya mkutano wa haki za wanawake, Harper alieleza jinsi msimamizi wa mirathi alivyokuja na kufagia kila kitu, hadi vyombo vya maziwa na mabeseni ya kufulia vilivyokuwa riziki yake. Mwanamke huru alichukuliwa vyombo kwa deni la maiti. Mwanamke mtumwa alichukuliwa watoto. Harper hakulitaja lake ndani ya shairi, na alifanya vyema, kwa kuwa mizani ingelemea upande usiostahiki. Lakini ujuzi wake umo: katika tungo hizi zote, mali na sheria vinaonekana kwa macho ya yule anayepokonywa.

Shairi la pili, linalosimulia ukombozi, ndilo refu na ndilo lenye uhai zaidi. Mtoto wa bwana anakwenda vitani, bibi analia, na watumwa wanaomba dua zao kwa siri kwa ushindi wa upande wa pili. Uhuru unakuja. Lincoln anauawa. Johnson anawavunja moyo, Grant anawapa matumaini. Halafu, pale ambapo mshairi mwingine angemalizia kwa shangwe, Harper anageukia jambo dogo la aibu: wanaume kadhaa wameuza kura zao kwa unga na nyama. Wake zao hawana kura, lakini wana ndimi na wana majiko. Mmoja anautupa unga na nyama nje. Mwingine anamlazimisha mumewe arudishe posho kwa aliyempa. Wa tatu anamfuata mumewe siku baada ya siku na kumwambia kwamba akikosea kupiga kura, achukue matambara yake aondoke.

Hapa kuna kichekesho, na kila mtu aliyewahi kuona takrima za uchaguzi atakicheka. Lakini kichekesho hicho kina hoja nzito ndani yake. Sheria ya 1870 ilimpa kura mtu mmoja mmoja, tena mwanamume. Wanawake wa Bi Chloe wanakataa tafsiri hiyo. Kwao kura si mali ya mume. Ni mali ya nyumba nzima na ya wote waliolipia uhuru kwa damu na watoto, naye mume ni wakili tu aliyetumwa kuipeleka sandukuni. Nadharia hiyo ya uwakilishi haikuandikwa katika katiba yoyote ya Kusini. Imeandikwa katika shairi, kwa mdomo wa kikongwe anayedai kuwa hajui siasa.

Na Harper hawapendelei wa upande wake. Katika shairi fupi kuhusu siasa, Bi Chloe anasema kwamba amewaona viongozi wanaokwenda mwendo wa kupinda, na kwamba pesa za shule zikiibwa, ziwe zimechukuliwa na mkono mweupe au mweusi, hasara ni ya watoto wote. Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1872, wakati maadui wa Ujenzi Mpya walikuwa wakitumia kila habari ya wizi kama ushahidi kwamba mtu mweusi hafai kutawala. Ilikuwa rahisi kwa mshairi wa kambi kunyamaza ili adui asifurahi. Harper hakunyamaza. Tofauti kati ya mshairi anayeshiriki siasa na kasuku wa chama ipo hapo, na kwa kipimo hicho ile hoja kwamba siasa huua ushairi haina nguvu juu ya tungo hizi.

Hata hivyo, sifa zikizidi huwa hazimsaidii msomaji. Tungo za Bi Chloe zina ukimya mkubwa, na ukimya huo unahusu ardhi.

Katika shairi la kujifunza kusoma, Bi Chloe, akiwa anakaribia umri wa miaka 60, anawapuuza wanaomwambia kuwa ameshachelewa, anatafuta miwani, na hakomi mpaka anaweza kusoma Kitabu chake kitakatifu mwenyewe. Kisha anapata kibanda chake, nacho kinampa hisia ya kujitegemea kama malkia. Ni mwisho mzuri, na wengi wameupenda. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza: kibanda hicho kimejengwa juu ya ardhi ya nani? Amekinunua kwa fedha gani? Shairi halisemi. Kinatokea tu, kama thawabu ya juhudi na tabia njema.

Historia haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari 1865, wahubiri weusi 20 walikutana na Jenerali William Sherman mjini Savannah, na msemaji wao, Garrison Frazier, alipoulizwa watu wake watajitegemea vipi, alijibu kwamba njia bora ni kupata ardhi na kuilima kwa mikono yao. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri iliyotenga visiwa na ukanda wa pwani, kuanzia Charleston kuelekea kusini hadi Florida, vigawiwe watu hao vipande visivyozidi ekari 40 kwa kila jamaa. Watu wapatao 40,000 walikuwa wameshakaa huko kufikia katikati ya mwaka. Kabla mwaka haujaisha Johnson aliwasamehe mabwana, na ardhi ikaanza kurejeshwa. Hilo ndilo lililompeleka Howard Edisto. Wengi wa walioachwa huru, visiwani na bara, walibaki kulima shamba la mwingine kwa mshahara au kwa kugawana mavuno, na deni la dukani likawafunga pale pale.

Wachache walipata hati. Robert Smalls, rubani mtumwa aliyeiondoa meli ya kijeshi Planter katika bandari ya Charleston usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 na kuikabidhi kwa jeshi la Kaskazini, aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani mjini Beaufort ilipouzwa kwa mnada wa kodi wakati wa vita. Baadaye upande wa wenye nyumba wa zamani ulidai irejeshwe. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls alishinda. Wakati huo majeshi yalikuwa yameshaondolewa, na serikali za Ujenzi Mpya zilikuwa zimeanguka; lakini nyumba ilibaki yake. Hati ilistahimili kile ambacho kura haikuweza kustahimili.

Kwa nini Harper hakuigusa ardhi katika sauti ya Bi Chloe? Si kwa kutojua. Alilala katika vibanda hivyo, na barua zake za safarini zinaonyesha kuwa aliona nani amepata kiwanja na nani hajapata. Jibu linalokubalika zaidi ni kwamba alikuwa mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mchambuzi wa uchumi. Aliamini kwamba elimu, kanisa, kura safi na nyumba yenye nidhamu vitamwinua mtu. Imani hiyo ilimpa Bi Chloe uti wake wa mgongo; ilimnyima swali moja. Kamati ya Edisto, ambayo haikutafuta vina wala mizani, ililiuliza swali hilo miaka saba kabla ya kitabu chake. Kwa hiyo barua na tungo ni vyema zisomwe pamoja: barua inaeleza uhuru unategemea nini, na tungo zinaeleza unaishiwa vipi siku baada ya siku.

Kejeli ya historia ilimfuata Bi Chloe hata katika lile alilolishinda. Serikali za Ujenzi Mpya zilipingwa kwa bunduki: huko Colfax, Louisiana, siku ya Pasaka ya mwaka 1873, makumi ya watu weusi waliuawa katika ugomvi wa nani ameshinda uchaguzi, na mwaka 1876 Mahakama Kuu ikafuta hukumu za wachache waliotiwa hatiani. Mwaka 1877, baada ya uchaguzi wa urais uliobishaniwa, Rais Rutherford Hayes aliondoa ulinzi wa majeshi katika majumba ya serikali ya South Carolina na Louisiana. Kisha mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya iliyomtaka mpiga kura aweze kusoma au kueleza kifungu cha katiba kwa kiasi cha kumridhisha msajili. Kusoma, ambako Bi Chloe alikupigania kama ufunguo, kukageuzwa kuwa kufuli, na ufunguo akapewa karani mweupe. South Carolina ilifuata mwaka 1895; Smalls alikuwemo katika mkutano wa katiba ile akiwa miongoni mwa wajumbe sita weusi, akapinga, na akashindwa. Sheria madhubuti ya kurudisha kura hizo haikupatikana hadi mwaka 1965, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ililiondolea nguvu fungu lake moja muhimu.

Kura ilipokwisha kupokonywa, ilibaki simulizi, nayo ikagombaniwa vile vile. Mwaka 1887 Thomas Nelson Page alitoa hadithi ambazo ndani yake mtumwa wa zamani mwenyewe, kwa Kiingereza kilichopindishwa, anazililia siku za bwana wake. Ni Bi Chloe aliyegeuzwa ndani nje. Mwaka 1905 Thomas Dixon aliandika riwaya ya kuwatukuza wapanda farasi wa usiku wa Ku Klux Klan. Mwaka 1915 D. W. Griffith akaigeuza filamu, ikaonyeshwa hata katika Ikulu ya Rais Woodrow Wilson, na mwaka huo huo kundi lile likafufuliwa. Vyuo vikuu navyo, kwa kumfuata William Dunning, vilifundisha kwamba Ujenzi Mpya ulikuwa zama za wizi na ujinga. Harper alijaribu kujibu kwa riwaya yake ya mwaka 1892, Iola Leroy, ambayo inaanza na watumwa wakipashana habari za vita sokoni kwa mafumbo ya siagi na samaki, na bwana anapita asielewe kitu. Lakini sauti moja dhidi ya vyuo na sinema haikutosha. Ilimpasa W. E. B. Du Bois, mwaka 1935, katika kitabu chake Black Reconstruction in America, aikusanye hoja yote upya: kwamba watumwa walijikomboa kwa kuyagomea mashamba, kwamba shule za umma za Kusini ni kazi ya mikono yao, na kwamba ardhi ndiyo iliyoamua mwisho. Sura yake ya mwisho inawashitaki wanahistoria wenyewe kwa propaganda. Na yeye, mwanahistoria wa takwimu, alizifunga sura nyingi za kitabu kile kwa beti za mashairi.

Msomaji wa visiwani hatakosa kuyapima haya kwa historia ya nyumbani. Amri ya kukomesha hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, aliyoitoa Sayyid Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Ilimlipa fidia bwana. Na ilimtaka aliyeachwa huru athibitishe kwamba ana makazi na njia ya kuishi, ama sivyo atatangazwa mzururaji. Mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe. Washington ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwaka 1862: bwana alilipwa hadi dola 300 kwa kichwa, na aliyefanya kazi miaka yote hakulipwa kwa miaka hiyo. Nchi mbili, dini mbili, zao la pamba na zao la karafuu. Lakini maofisa wa pande zote walimwogopa mtu yule yule, yaani mtu huru asiye na bwana wa kumwamsha alfajiri.

Baina ya tungo za Harper na barua ya Edisto, basi, hapana haja ya kuchagua. Bi Chloe ni nafsi hai, mwenye akili, mcheshi, mkali kwa wa kwake, na shairi lake la kura linastahiki kutafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa hadharani mbele ya wanawake, ambao watalifahamu bila tanbihi. Atakayelitafsiri atafute pia ile barua, aiweke katika kijitabu kimoja nalo, ukurasa kwa ukurasa. Msomaji akifika pale Bi Chloe anapoingia katika kibanda chake, avae miwani yake akafungua Kitabu, ataweza kugeuza jicho upande wa pili na kuwaona watu wa kisiwani wakiuliza kiwanja hicho kimeandikwa jina la nani.